Jua Hutoka Baharini: Namna ya Kupiga Picha Nyumba za Kale na Miti ya Bagamoyo

Nina picha kumi na moja za mlango mmoja wa Bagamoyo ambao leo haupo. Njumu zake, zile pambo za chuma zilizopigiliwa mbaoni, zinaonekana moja moja. Ua lililochongwa katikati ya mfaa, ubao wa wima ulio kati ya mbao mbili za mlango, limetoka vizuri hadi alama za patasi zinahesabika, na kwenye mwimo wa kushoto, yaani nguzo ya pembeni ya fremu, upo ufa ambao fundi wa zamani aliuziba kwa kipande cha mbao nyingine. Katika picha zote kumi na moja hakuna hata moja inayoonyesha nyumba, na jina la mtaa sikuliandika. Niliporudi baada ya miaka miwili nilizunguka Mji Mkongwe mzima, simu mkononi, nikilinganisha picha na kila nyumba, na sikuweza kujua ni ipi. Picha ni nzuri, lakini hazina makao.

Kosa hilo ndilo lililonifundisha kazi ninayoieleza hapa. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye simu ya kawaida au kamera ndogo, anayetaka kupiga majengo ya kale ya Bagamoyo, milango yake na miti yake, kwa namna ambayo mtu mwingine akizipata picha hizo miaka 30 ijayo atajua anaangalia nini. Kazi ni ya siku moja, kuanzia alfajiri. Bagamoyo iko kama kilomita 75 kaskazini ya Dar es Salaam, na ukiweza ulale huko huko, maana mwanga bora wa siku hausubiri basi la kwanza.

Kabla ya kutoka

Safisha lenzi. Naliweka hili mwanzo kabisa kwa sababu upepo wa pwani una chumvi, na chumvi ikitanda juu ya kioo cha simu kila ukuta mweupe hutoka na ukungu. Beba kitambaa cha pamba na ufute tena kila baada ya saa moja, hasa ukitoka ufukweni.

Ndani ya simu, washa mistari ya gridi, washa kumbukumbu ya mahali, chagua ubora wa juu kabisa, na uzime kila programu inayorembesha picha. Programu hizo hulainisha ngozi za watu, na ukuta wa chokaa nao huzilainishia nyufa zake. Wewe unazitaka nyufa.

Kisha chukua vitu vitatu vya bei ndogo: daftari na penseli, shuka jeupe, na karatasi kadhaa nyeupe za A4. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimeta 21 na urefu wa sentimeta 29.7 popote duniani. Ukiiegemeza chini ya mlango katika picha moja, umeshapata kipimo. Na kwa kuwa ni nyeupe, baadaye itakusaidia kurekebisha rangi, maana simu hupenda kuufanya ukuta wa kale uwe wa manjano kuliko ulivyo.

Maeneo ya kihistoria kama magofu ya Kaole yana kiingilio. Lipa na utunze risiti. Ukitaka kurusha droni, kibali hutafutwa mapema kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, si siku ile ile. Majengo yanayotumika kama ofisi za serikali au polisi usiyapige bila kuuliza, hata kama yana mlango mzuri kupita yote.

Alfajiri: upande wa bahari

Bagamoyo inatazama mashariki. Bahari iko huko, Unguja iko huko, na jua hutokea huko, kati ya saa kumi na mbili kasoro kidogo na saa kumi na mbili na nusu kutegemea mwezi. Kwa hiyo uso wa kila jengo lililojengwa kutazama bandari hupata mwanga wa moja kwa moja asubuhi tu. Ukifika saa nane mchana utalikuta jengo limejitia kivuli usoni, nyuma yake mbingu nyeupe, na hakuna simu itakayolisaidia.

Anza Forodhani, penye jengo la forodha la mwaka 1895. Kwa nusu saa hivi baada ya jua kutoka, kuta hushika rangi ya asali na kila mpasuko wa chokaa hutupa kivuli chake. Ikifika saa tatu mwanga umekuwa mkali na ukuta umekuwa bapa. Hapo katikati una muda wa kutosha kwa majengo mawili au matatu, usijaribu sita.

Tazama pia maji. Tatizo la majengo ya ufukweni ni nafasi ya kurudi nyuma, na bahari ikipwa hukupa nafasi hiyo bure. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, ambapo mwanga umeshakuwa mkali. Siku mbili tatu kabla ya mwezi kuandama, au kabla ya mwezi mpevu, maji hupwa mapema zaidi, na hapo ndipo jua la chini na ufukwe mpana hukutana. Wavuvi wanazijua saa hizi kwa kichwa. Waulize jioni ya kabla.

Ufukweni asubuhi kuna majahazi, kuna mnada wa samaki, kuna watu wanaotafuta riziki. Salimia, eleza kwamba unapiga jengo, na ukiona mtu ameingia kwenye picha kwa karibu muombe ruhusa au subiri apite. Mimi husubiri. Watu wakiwa mbali kidogo, wakitembea, wanasaidia kuonyesha ukubwa wa jengo kuliko karatasi yoyote.

Kutoka hapo elekea Boma, jengo la ghorofa lililokamilika mwaka 1897, lenye umbo la herufi U na kingo za juu zilizokatwa meno meno kama ngome. Wakati linajengwa, makao makuu ya Wajerumani yalikuwa yameshahamia Dar es Salaam tangu 1891, lakini utawala wa wilaya ulibaki hapa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliangusha sehemu yake. Piga kila upande wake, hata ule usiopendeza, kwa sababu Boma limetufundisha kwamba ukuta uliodumu miaka mia moja unaweza kuondoka kwa msimu mmoja.

Hapa utakutana na kosa la kila mtu: jengo linaonekana linaanguka kwa nyuma. Sababu ni kwamba umeinua simu juu ili paa liingie. Ponya hivi: simama mbali zaidi, shika simu wima sawasawa kama ukuta wenyewe, na uache ardhi nyingi iingie chini ya picha. Ardhi hiyo utaikata nyumbani. Ukipata mahali pa kupanda, ngazi ya jirani kwa ruhusa yake au tuta la mchanga, ni bora zaidi. Usitumie lenzi pana ya simu kwa jengo zima isipokuwa huna njia, hupinda pembe. Rudi nyuma na uikuze picha kwa simu mara mbili.

Asubuhi ya kati: mitaani

Sasa ingia ndani, mtaa wa India na vichochoro vyake, ambako majumba ya wafanyabiashara yamepangana na baraza zake za mawe. Hapa kazi ni ya mdomo kabla haijawa ya kamera. Mlango wa mtu si mali ya mpita njia. Aliyekaa barazani ndiye mwenye neno, na kama hakuna mtu, piga hodi.

Siku moja nilikuwa nimeshapiga magoti mbele ya mlango kabla sijasalimia. Mzee mmoja akanitazama tu. Nikasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Waupiga picha mlango wangu?"

"Ndiyo mzee, naomba ruhusa. Nilikosa, nilipaswa kuanza na wewe."

"Piga. Ila huo si mlango wote. Ubao wa juu umo ndani, uliwahi kuanguka. Njoo uuone."

Kizingiti cha juu, chenye maua na maandishi, kilikuwa kimelazwa uvunguni mwa kitanda. Nisingekiona kwa miaka kumi ya kupita pale. Basi salamu ni hatua ya kazi kama kufuta lenzi.

Ukishapata ruhusa, piga kwa mpangilio huu na usiuvunje kamwe:

1. Mtaa. Simama mbali, nyumba ionekane na majirani zake wa pande zote mbili.
2. Nyumba nzima, kutoka mbele, simu ikiwa sambamba na ukuta.
3. Mlango mzima na baraza yake, karatasi ya A4 ikiwa imeegemezwa chini.
4. Sehemu za mlango: kizingiti, miimo miwili, mfaa, mbao zenyewe.
5. Undani: njumu moja, ua moja, bawaba, kufuli, jeraha.

Picha ya tano isiyokuwa na ya kwanza ni yale maumivu niliyoanza nayo. Mpangilio huu huchukua dakika kumi kwa nyumba. Usipokuwa na dakika kumi, piga ya kwanza na ya tatu, undani uuache kwa siku nyingine.

Ukiipiga milango mingi kwa namna hii utaanza kuona koo zake. Kuna ile yenye kizingiti kilichonyooka, mbao nzito na mchoro mzito wa maua, minyororo na mawimbi kwenye miimo. Kuna ile ya mafundi wa asili ya Gujarati, yenye mbao zilizogawanywa visanduku vidogo vidogo vya mraba. Na kuna yenye upinde juu. Waongoza wageni wana masimulizi juu ya kila alama, kwamba mnyororo una maana hii na samaki maana ile, na masimulizi hayo hayalingani kati ya mtu na mtu. Yaandike daftarini pamoja na mtaa uliposimuliwa, nayo ni sehemu ya mji.

Kuhusu mwanga wa michoro. Wengi husema usipige picha saa sita, jua li utosini. Kwa jengo zima ni kweli. Kwa mchoro wa mbao si kweli kabisa, na hili ndilo jambo ninalotamani kila mpiga picha wa pwani alijue. Ukuta unaotazama mashariki hupoteza jua pale jua linapovuka utosi, ambapo kwa Bagamoyo ni kati ya saa sita na dakika kama kumi na saa saba kasoro ishirini, kutegemea mwezi. Kwa dakika chache kabla ya hapo mwanga huteremka ukiuparuza ukuta kutoka juu. Kila jani lililochongwa, hata lililolika hadi limebaki kama kovu, hutupa kivuli chini yake na kusimama. Mlango uliouona bapa saa mbili asubuhi utadhani umechongwa jana. Muda ni mfupi, na mlango wenye paa au roshani juu yake hautaupata mwanga huu. Chagua mlango mmoja mapema, ukae kwenye baraza, usubiri.

Kwa nyumba zinazotazama kaskazini au kusini, fuata mwezi badala ya saa. Katikati ya mwaka jua hupita upande wa kaskazini, na kuta zinazotazama huko hulipata mchana kutwa. Novemba hadi Januari hupita kusini. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, huwa juu ya kichwa hasa, na ukuta wowote huparuzwa.

Mbao nyeusi ndani ya ukuta mweupe huichanganya simu. Gusa mbao kwenye kioo, shikilia kidole hadi simu ifunge kipimo chake, kisha punguza mwangaza kidogo. Mlango ukiwa kivulini, mwombe mtu atandaze lile shuka jeupe mahali penye jua mbele ya mlango, lirudishe mwanga. Fleshi usiitumie, huua michoro yote. Na nakuomba sana: usisugue chaki kwenye mchoro ili uonekane, usiupake mafuta, usiumwagie maji. Nimeona yote matatu yakifanywa, na mbao hizo zimeshakula chumvi na jua kwa zaidi ya karne moja.

Ukuta uliobomoka

Usiupite. Nyumba nzima hukuonyesha sura. Nyumba iliyopasuka hukuonyesha ilivyojengwa. Utaona mawe ya matumbawe, mepesi na yenye matundu, yakiwa yameshikwa kwa chokaa iliyotokana na matumbawe yale yale yaliyochomwa. Juu utaona boriti za mikoko zimelazwa kwa karibu, na utaelewa kwa nini vyumba vya kale ni virefu na vyembamba: upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti inayoweza kubeba dari. Piga mahali boriti inapoingia ukutani, maana ndipo maji huanza kuozesha. Piga palipozibwa kwa saruji pia. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa chokaa, na baada ya muda chokaa ya pembeni huanza kumeguka. Picha mbili za mahali pale pale, moja kabla ya masika na moja baada, zitamweleza fundi zaidi ya maneno yako. Weka karatasi kando ya ufa.

Usiingie ndani ya gofu. Dari la boriti huonekana zima hadi siku linapokanyagwa.

Mchana: miti ya Misheni

Jua likishakuwa kali, nenda kwenye kivuli. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na njia ya kuingia kwao imepangwa miembe mikubwa pande zote mbili. Ukipiga njia hii wakati wa jua kali utapata madoadoa meupe na meusi yasiyosomeka. Subiri wingu. Likipita, una nusu dakika ya mwanga laini, na miembe yote hutoka kwa rangi yake. Simama katikati ya njia, shusha simu hadi kiunoni, mashina yatajipanga yenyewe.

Bustani hupigwa kama mlango: kwanza mti na jengo lililo karibu yake, kisha mti, kisha gamba. Andika jina la mti kwa jinsi wenyeji wanavyouita. Mkungu, mwarobaini, mnazi, mkrismasi, kila mmoja una msimu wake, na mkrismasi ukitaka maua yake mekundu mbele ya ukuta mweupe uje Novemba au Desemba.

Mti wa kuutengea muda ni mbuyu wa Misheni, uliopandwa 1868. Mwishoni mwa karne ya 19 ulizungushiwa mnyororo, inasimuliwa ni wa kumfungia punda, na mbuyu ukaendelea kunenepa ukaumeza. Leo kipande kidogo tu cha chuma kinachomoza kwenye gamba. Kila mgeni hukipiga kwa karibu mno, ikabaki picha ya chuma na kitu cha kijivu. Piga kwanza mbuyu mzima na mtu amesimama shinani. Kisha sogea hadi mnyororo uwe theluthi moja ya picha na gamba lililovimba kuuzunguka lichukue nafasi iliyobaki. Maana ya picha imo kwenye uvimbe ule. Usiuvute mnyororo.

Karibu na hapo umesimama mnara uliobaki wa kanisa la kwanza, la mwaka 1872. Ndipo ulipolazwa mwili wa mmisionari na mvumbuzi David Livingstone Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma na Susi na wenzao kuubeba kutoka ndani kabisa ya bara. Kanisa kubwa lilikamilika 1914. Kama kuna ibada, weka simu mfukoni. Makaburini piga kwa upole, usisimame juu ya kaburi ili upate pembe nzuri.

Alasiri: Kaole

Magofu ya Kaole yako kama kilomita 5 kusini. Fika saa tisa. Msikiti wake mkongwe ni wa karne ya 13, na pembeni yake yapo makaburi yenye nguzo za mawe. Nguzo ndizo za kusubiriwa: jua likishuka magharibi hutupa kivuli kirefu na kuonyesha tabaka za mawe. Tafuta pia mashimo ya mviringo kwenye nguzo; yalikuwa yamewekewa bakuli za kauri kutoka China. Shimo tupu hulipata vizuri ukisimama pembeni, mwanga ukiingia kwa mshazari.

Wapo wanaokuja hapa kuomba dua. Ukimkuta mtu kaburini, kaa mbali, geuza kamera kwingine. Kama pana nguo au ubani umeachwa, usiusogeze ili picha iwe safi.

Usiku ule ule

Usilale kabla ya kuandika majina. Kesho utakuwa umesahau mlango upi ulikuwa wa mtaa upi. Mimi huandika tarehe, mtaa, nyumba, kisha namba ya hatua, mfano: 2024-07-14, India, ya tatu kutoka pembe, 5. Picha zote za nyumba moja hukaa kwenye folda moja pamoja na picha ya ukurasa wa daftari. Nakala moja ibaki kwenye simu, ya pili kwenye diski, ya tatu kwa mtu mwingine. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama faili, vinginevyo hupunguzwa ubora na undani wote ulioutafuta hupotea.

Mwisho, chapisha picha mbili kwa kila nyumba iliyokufungulia: ya nyumba nzima na ya mlango. Nyuma ya kila moja andika kwa penseli, si kalamu ya wino inayochuja, tarehe na mtaa. Ukirudi Bagamoyo zipeleke kabla ya kupiga nyingine. Yule mzee wa kizingiti cha uvunguni aliibandika yake ukutani, juu ya kitanda kile kile.